Geti la Ubavuni

Mama aliporudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichokitaka hakikuwa chai wala kitanda. Tulikuwa tumemshika mikono, kaka kulia na mimi kushoto, tunavuka ua polepole kuelekea mlango wa jikoni. Akasimama, akageuza shingo kuangalia ukutani.

"Lile geti limechoka," akasema. "Tafuteni fundi kabla mvua hazijaanza."

Kaka akamwambia sawa mama, litatengenezwa. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Asubuhi ile ile daktari alikuwa ametuita pembeni, mimi na kaka, akatuambia ugonjwa umeshafika mahali ambapo dawa zake hazifiki. Turudi naye nyumbani, tumpe anachokipenda, tusimsumbue tena na safari. Kila mtu wa huku kwetu anajua maneno hayo yana maana gani. Nikajiambia, na huyu naye amefika nyumbani anahangaika na mbao.

Tuko wawili tu tuliobaki kwa mama yetu. Kaka anauza spea za magari Mbeya, na huwa anakuja Mpanda kwa misiba na Krismasi. Mimi nilirudi nyumbani ndoa yangu iliposhindikana, nikaweka cherehani kwenye baraza ya mbele, na tangu hapo nimekuwa nikishona sare za shule na magauni ya kwaya huku mama akinikosoa mishono kutoka dirishani. Hakuwahi kushona hata kifungo, lakini kukosoa aliweza.

Jioni hiyo mama mdogo alifika kutoka Usevya na gunia la mchele. Ni mdogo wake mama kwa kuzaliwa, ila kwa sauti ni mkubwa wa ukoo mzima. Alitukalisha mimi na kaka nyuma ya choo, mahali ambapo mgonjwa asingetusikia, akatoa hukumu.

"Asiambiwe. Mgonjwa ukimwambia anakufa, umeshamzika. Nyie mwambieni anapona."

Kaka aliitikia upesi kuliko nilivyotegemea. Mimi nikauliza, na akituuliza mwenyewe? Mama mdogo akaniangalia kama anavyoangalia mtu aliyepika wali ukaungua. Akasema mgonjwa mwenye akili haulizi.

Mimi ni mtu wa mdomo. Majirani wanalijua hilo, na wateja wangu wanaochelewa kuja kuchukua nguo wanalijua zaidi. Kuambiwa ninyamaze mbele ya mama yangu, katika jambo lililokuwa lake kuliko la mtu mwingine yeyote, kulinikaa kooni kama mwiba. Lakini nilinyamaza. Kwetu ndivyo inavyofanyika, na sikuwa na ushujaa wa kuanzisha namna nyingine.

Nyumba yetu iko kwenye mtaa wa zamani, jirani na stesheni, safu ya nyumba zilizojengwa na wakoloni kwa ajili ya watu wa reli na mgodi. Baba alikuwa mtu wa reli, akaipata kwa njia hiyo. Zina kuta nene za mawe, mabati yaliyopigwa rangi nyekundu ambayo sasa haieleweki ni rangi gani, na baraza za juu zenye ngazi nyembamba zinazopinda. Miaka ya karibuni walikuja watu na kamera, wakazipiga picha, wakasema hizi ni nyumba za kumbukumbu na sura yake ya nje isiguswe bila ruhusa. Kumbukumbu ya nani, hawakusema. Choo kikiziba hawaonekani.

Mlango wa mbele unaingilia kwenye korido yenye kona. Kochi halipiti hapo, na jeneza halipiti. Kwa hiyo mtaani kwetu, tangu enzi hizo, maiti hukaa uani chini ya turubai, kati ya watu wake, halafu hutolewa kwa geti la ubavuni, kwenye kichochoro ambako gari husubiri. Kilichoanza kwa sababu ya kona ya korido kikageuka kuwa desturi. Sasa hata mwenye nyumba iliyobomolewa korido hamtoi mtu wake kwa mbele. Mbele ni kwa mtu anayetoka akarudi.

Kwa hiyo mama aliposema lile geti limechoka, sehemu moja ya moyo wangu ilijua anaongea nini. Sehemu nyingine ilikataa kabisa kujua, na hiyo ndiyo iliyoshinda kwa muda.

Geti lenyewe kweli lilikuwa limekwisha. Baba alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, akasimamisha nguzo za mataruma ya reli, yale magogo manene ambayo zamani yalilaliwa na vyuma vya treni. Aliyapata yalipokuwa yanabadilishwa, akayaona ni mali. Yalikuwa mazito, meusi kwa mafuta, na yalikula nafasi yote ya kupita, mtu mnene ikambidi aingie kwa bega. Mchwa waliziacha nguzo, wakala mbao. Bawaba ya chini ilikatika siku nyingi, tukaifunga kwa waya.

Fundi tuliyempata ni seremala wa karibu na soko. Ni mtu mpole, mwenye ahadi nyingi. Ukimkuta karakanani utaona vitanda, milango, na pembeni, chini ya turubai la bluu, majeneza. Maseremala wote hufanya hivyo, huwezi kuishi kwa vitanda peke yake. Alikuja na futi yake, akapima uwazi wa geti, akaandika kwenye kipande cha ubao. Mama alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, kwenye kivuli cha mwarobaini, na kitenge miguuni.

"Panua," akamwambia.

"Nipanue kiasi gani, mama?"

"Wewe si unatengeneza? Unajua kiasi gani."

Fundi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kuku. Akajikohoza, akasema labda mama anataka toroli liwe linapita. Mama akamtazama, akasema haya, toroli.

Wakati ule nilikuwa nikimpunguzia mama nguo. Kila wiki gauni lililomkaa vizuri Jumapili iliyopita lilikuwa linaning'inia mabegani, na mimi nilikuwa naingiza mshono ndani, taratibu, asijisikie amepungua. Nilidhani namficha. Alikuwa ananyoosha mikono nimpime, anatazama mbali, na mimi nasema mama umependeza, hizi dawa naona zinafanya kazi. Nikishamaliza nakwenda jikoni nalia huku nachochea moto ili moshi upate lawama.

Wageni walikuwa wakija kila siku, kwa geti la ubavuni, wakilipita lile geti bovu kwa bega. Wanawake wa jumuiya walisali, wakaimba, wakamwambia mama ana rangi nzuri leo. Utapona tu, mama. Mbona unaendelea vizuri. Pasaka tutakuwa wote kanisani. Mama aliwaitikia wote. Aliwashukuru, akaulizia watoto wao, na akawaombea safari njema. Wakishaondoka alikuwa anafumba macho na uso wake unakuwa wa mtu aliyetua mzigo. Niliona wazi kwamba anachoka kwa kutubeba sisi. Kila uongo wetu ulimlazimu aigize upande wake. Na hakuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye kifo chake, katika nyumba iliyojaa watu wanaompenda.

Hilo ndilo lililonitesa kuliko kitu kingine. Niliogopa atakwenda hivyo hivyo, akituitikia.

Fundi alianza kazi siku ya soko. Alitoa mbao za zamani, akachukua patasi na nyundo, akaanza kuchokonoa mawe ya ukuta pembeni mwa nguzo. Alikuwa hajatoa hata jiwe zima aliposimama kijana kichochoroni na pikipiki, kofia mkononi. Alikuwa afisa, mmoja wa wale wanaoangalia nyumba za kumbukumbu. Alikuwa na adabu, lazima niseme. Alianza kwa kumsalimia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Hakukaa. Akanigeukia mimi. "Dada, kubadilisha geti hamkatazwi. Lakini ukuta hauguswi, na uwazi ubaki kama ulivyo. Mkishapanua nyie, na jirani atapanua, mtaa utakuwa mwingine."

Nikamwambia geti ni jembamba mno. Akauliza jembamba kwa nini, wakati watu wanapita. Akapita mwenyewe kunionyesha, akarudi. Alikuwa mwembamba, alipita vizuri sana.

"Tunataka baiskeli ipite," nikasema.

"Baiskeli inapita, dada."

"Toroli."

"Toroli mnaweza kulipitisha mkilisimamisha kidogo." Alisema kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kusaidia. "Niambie shida yenyewe ni nini, nione."

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno sokoni wala kanisani, nilisimama pale uani na sikuwa na kitu. Fundi alikuwa anafuta patasi kwenye suruali. Mama mdogo alikuwa mlangoni jikoni na mwiko, ananikazia macho nisithubutu. Na mama alikuwa kwenye kiti chake, hatua chache tu kutoka kwetu, ananisubiri. Nilianza kusema kitu kuhusu magunia ya mahindi.

"Mwache mwanangu," mama akasema. "Baba, njoo huku nikuambie mimi."

Yule kijana akasogea, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Hilo geti ni la kunitolea mimi. Sina muda mrefu. Mume wangu alitolewa hapo hapo, na jeneza halikupita. Wakalilaza kiubavu. Nilikuwa nimesimama karibu na hilo pipa, nikamsikia alivyoteleza ndani, akagonga ubao. Nimeishi na ile sauti. Sitaki kulazwa kiubavu. Sitaki hawa wanisikie nikigonga."

Mama mdogo akaingia ndani na mwiko wake. Mimi nilikaa chini, kwenye vumbi, pale pale nilipokuwa. Ile sauti niliisikia na mimi, siku ile ya baba, na miaka yote nilidhani niliisikia peke yangu. Sikuwahi kumwambia mama kwa sababu nilikuwa namlinda. Na yeye alikuwa ananilinda mimi.

Afisa aliposimama alikwenda kwenye geti, akapiga yale mataruma kwa kiganja, akapima unene wake kwa mkono, akamuuliza fundi kama nguzo zinaweza kutolewa zikawekwa za chuma, nyembamba. Fundi akasema inawezekana. "Nguzo siyo ukuta," kijana akasema. "Nguzo badilisheni. Uso wa mawe msiuguse." Akamuaga mama kwa mikono miwili, akasukuma pikipiki yake mpaka mwisho wa kichochoro ndipo akaiwasha.

Usiniulize kama nilifurahi. Nilijisikia nimevuliwa nguo mbele ya watu. Lakini jioni nilipomwogesha mama, hatukusema uongo tena. Aliniambia anataka kuvaa kitenge cha rangi ya maji, sio lile gauni jeupe la harusi za watu. Aliniambia mahali alipoweka cheti cha ubatizo, na kwamba nisimwachie mama mdogo apange chakula cha msiba kwa sababu atawapa watu wali mbichi. Nilicheka, nikalia, naye akanimwagia maji kidogo usoni kwa mkono wake, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto nisiyetaka kuoga.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Naogopa," akasema. "Lakini nilikuwa naogopa zaidi kuogopa peke yangu."

Kaka, aliyekuwa amesharudi Mbeya, alipiga simu usiku huo huo. Mama mdogo alikuwa ameshamfikishia habari. Hakusalimia. "Nani amemwambia?" Nikamjibu hakuna aliyemwambia, alikuwa anajua. Akasema ni mdomo wangu, ni kawaida yangu, na sasa mama atakata tamaa. Nikaanza kumweleza habari ya geti, na baba, na jinsi mama alivyosema. Akanikatiza. Hakutaka kusikia mambo ya mageti. Alikuwa amepata daktari mwingine Mbeya, mtu anayesifiwa, na angekuja kumchukua mama. Kisha akakata simu, nikabaki naongea na hewa.

Fundi alimaliza siku chache baadaye, kwa maajabu, maana aliahidi mapema na kweli akamaliza mapema. Mataruma yalihitaji wanaume wanne kuyang'oa. Nguzo za chuma zilikaa vizuri, na geti jipya la mninga lilikuwa zuri, limepigwa msasa, lina harufu ya mbao mbichi. Mama aliomba nimpeleke. Nilimshika kiunoni, nikafungua geti kwa mguu, tukapita wote wawili kwa pamoja, sambamba, jambo ambalo halikuwezekana kabla ya hapo. Tukasimama kichochoroni. Treni ya Kaliua ilikuwa imeingia, na bajaji zilikuwa zinakimbilia stesheni. Mama aligeuka akaliangalia geti kwa upande wa nje, juu mpaka chini.

"Litanitosha, nikiwa nimelala?"

Nilikuwa nimepima jeneza moja la fundi pale karakanani, lile la kawaida wanalotumia watu wote mtaani, kwa futi yangu ya kushonea. Nilikwenda asubuhi mapema, nikasema nimekuja kuulizia bawaba.

"Litakutosha, mama," nikasema. "Na mikono ya wabebaji itapita."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema basi turudi ndani, jua ni kali.

Kaka alikuja na gari la kukodi. Nilitaka kupigana naye. Nilisimama mlangoni nikamwambia mama hasafiri, daktari alishasema, na mwenyewe ameshasema, na hata wewe unajua. Kaka alikuwa na macho mekundu, hajalala, anazungushazungusha ufunguo wa gari kidoleni. Akasema hawezi kukaa akimwangalia. Ni hicho tu. Hawezi.

Mama akaniita chumbani. Alikuwa ameshavaa.

"Mwache anipeleke," akasema. "Huyu hajafika ulipofika wewe. Akinizika bila kujaribu, hatalala tena."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mama yake pia."

Alitoka kwa mlango wa mbele, kwenye korido, akipapasa ukuta wa ile kona kwa kiganja, akashuka zile ngazi kwa taabu, ngazi moja moja. Gari lilielekea njia ya Sumbawanga. Nilibaki barazani na cherehani yangu, na siku hiyo sikushona kitu.

Alifia Mbeya, hospitalini, kabla yule daktari anayesifiwa hajarudi kutoka semina. Kaka aliniambia kwa simu, sentensi moja, kisha nikamsikia akihema tu.

Tulisimamisha turubai uani. Wanawake wa jumuiya walikuja na masufuria, mama mdogo akashika jiko, na wali ulikuwa mbichi. Nilichagua mahali pa kuweka jeneza, kati ya mwarobaini na mlango wa jikoni, nikapanga mabenchi mwenyewe. Nilifungua geti nikaliegemeza kwa jiwe. Katika huzuni yote ile kulikuwa na jambo moja lililonituliza, nalo ni kwamba hapo getini kila kitu kilikuwa tayari.

Gari lilifika saa za asubuhi, limejaa vumbi la safari, likarudi nyuma mpaka kichochoroni. Wakafungua mlango wa nyuma.

Sijui niseme vipi. Lilikuwa jeneza la mjini. Kaka alikuwa amenunua jeneza ambalo Mpanda tunaliona kwa nadra, la mbao nyeusi zinazong'aa, lenye dirisha la kioo, nakshi pembeni, kona zilizotokeza, na vishikio vikubwa vya rangi ya dhahabu vilivyosimama kila upande. Watu walinong'ona kwa kustaajabu. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, amemheshimu mama yake. Ni kweli, alimheshimu. Kila kitu alichoshindwa kumwambia alikuwa amekiweka pale.

Vijana wa mtaa walilibeba mpaka getini, na vishikio vikagonga nguzo. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena kwa kona. Halikupita. Mzee mmoja aliyekuwa anaongoza akainua mkono, kwa sauti ya mtu aliyezoea, akasema, "Lilazeni ubavu kidogo."

"Hapana," nikasema.

Wakaniangalia. Walidhani ni uchungu. Nikapita katikati yao, nikasimama kwenye uwazi, mgongo wangu kwa ua. "Mama hatalazwa ubavu. Mwekeni chini."

Wakaleta mabenchi, wakaliweka pale pale kichochoroni, juani. Kaka akashuka garini. Alikuwa amevaa suti nyeusi na viatu vya kung'aa, uso umevimba. Akauliza kuna nini, kwa nini mama yake amewekwa njiani. Mama mdogo akaanza kueleza, mimi nikamzuia kwa mkono. Nikamwambia yote, mbele ya watu, maneno ambayo simu yake ilikataa kuyapokea. Nilimwambia mama alilitaka geti hili kwa ajili gani. Nilimwambia habari ya baba alivyoteleza, na kwamba mama alikuwa amesimama karibu na pipa akamsikia. Nilimwambia nililipima kwa jeneza la hapa nyumbani, na haikuniingia akilini kwamba mtu angeleta lingine.

Kaka aliangalia geti. Aliangalia vile vishikio. Niliona akipima kwa macho, akitafuta namna, kama anavyotafuta spea isiyokuwepo dukani. Kisha akavua koti, akampa mtu aliyesimama karibu, akauliza nani ana nyundo kubwa.

Jirani akaleta ya kupasulia mawe. Watu walisogea. Mzee aliyekuwa anaongoza akasema, baba, huu ukuta ni wa kumbukumbu, hauruhusiwi. Kaka hakumsikia, au alimsikia. Alipiga. Chokaa ya miaka yote hiyo ilidondoka, kisha jiwe la kwanza likalegea, kisha la pili, na yeye alikuwa anapiga huku analia kwa sauti, bila aibu, mtu mzima mwenye mvi. Wanawake walianza kulia pia. Yule afisa alikuwa mmoja wa waombolezaji, amesimama nyuma na kofia mkononi. Hakusema lolote siku ile, na mpaka leo lile pengo halijazibwa na hajaja kuuliza.

Nguzo moja ilipoanguka na nafasi ikapatikana, kaka akaketi kwenye rundo la mawe. Alikuwa mweupe kwa chokaa, mpaka kope. Nilikaa kando yake. Vijana walikuwa wanaondoa vifusi kwa mikono.

"Alijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu alipotoka hospitali. Siku ile ile."

Akafuta uso kwa mkono, akazidi kujipaka.

"Njia nzima alikuwa ananiambia akipona nimpeleke Ikola. Anasema anataka samaki, migebuka ya kutoka ziwani moja kwa moja, sio ya sokoni. Tumefika Sumbawanga bado anapanga tutakaa kwa nani. Mimi nikawa namwambia tutakwenda, mama, tutakwenda." Akanitazama. "Kwa hiyo alikuwa ananidanganya."

Mimi huwa nina jibu. Nilikuwa nimeliandaa moja tangu siku aliponikatia simu, kali, na nilijua nitalitumia lini. Nikalitafuta, na halikuwa na kazi tena. Nikamwambia mama alipenda sana Ikola. Tulipelekwa huko na baba tukiwa wadogo, yeye amesahau.

Vijana wakasema tayari. Tukasimama. Wakaliinua jeneza kutoka kwenye mabenchi, wakaingia nalo polepole, likiwa limenyooka, juu ya mawe yaliyovunjika. Kaka alitembea kando yake na kiganja chake chini ya ubao, ameinama, anaangalia lisielemee upande wowote.